Dola bila dola: noti za nchi ya Poyais

Januari 1823, bandarini Leith karibu na Edinburgh, Waskoti wapatao 200 walipanda meli iliyoitwa Kennersley Castle. Walikuwamo wakulima, mafundi, makarani, wake kwa waume na watoto. Wengi walikuwa wameuza mali yao yote, lakini pauni walizopata hawakusafiri nazo. Walizibadilisha kabla ya kuondoka, wakapewa noti mpya zilizochorwa kwa ustadi, zenye jina la Benki ya Poyais. Waliambiwa kwamba huko waendako fedha ya nchi ni dola ya Poyais.

Nchi hiyo haikuwapo. Mahali palikuwapo, kwenye pwani ya Wamiskito katika Honduras ya leo, lakini hapakuwa na mji mkuu, benki, serikali wala duka.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya tapeli hodari na kundi la wajinga. Usimulizi huo unawaonea wale watu, kwa sababu hawakuwa wajinga. Tena unafunika swali ambalo ndilo lenye faida kwetu: noti zile zilikosa kitu gani ambacho noti iliyomo mfukoni mwako inacho? Ukijibu kwamba zilikuwa makaratasi tu, hujajibu, maana hata yako ni karatasi. Ukijibu kwamba hazikuwa na dhahabu nyuma yake, siku hizi hakuna noti ya nchi yoyote inayobadilishwa kwa dhahabu dirishani. Inabidi tutafute kwingine.

Aliyezitoa noti hizo alikuwa Gregor MacGregor, Mskoti aliyezaliwa 1786. Alikuwa ofisa katika jeshi la Uingereza, kisha mwaka 1812 akaenda Venezuela kupigana upande wa waliodai uhuru kutoka kwa Uhispania. Alipata cheo cha jenerali na akamwoa Josefa Lovera, binamu wa Simón Bolívar. Vita alipigana kweli, na hilo lina maana katika habari yetu, kwa kuwa sifa aliyorudi nayo London haikuwa ya kutunga yote. Mwaka 1817 aliteka kisiwa cha Amelia huko Florida, akatangaza jamhuri na kutoa fedha yake mwenyewe kulipia askari na madeni. Jamhuri ile haikudumu. Lakini utaona kwamba miaka mitano kabla ya Poyais alikwisha kujaribu kulipa watu kwa karatasi za dola aliyoianzisha yeye.

Aprili 1820 mfalme wa Wamiskito, George Frederic Augustus, alimtilia saini hati ya ardhi ya ekari milioni 8, eneo kubwa kuliko Wales, na inasemekana malipo yalikuwa pombe ya ramu na vito. Hati ilimpa ardhi ya kutumia. MacGregor aliporudi Uingereza mwaka uliofuata alijitambulisha kuwa mtawala wa nchi huru, kwa cheo cha “Cazique” wa Poyais. Alikuwa na bendera, na alikuwa na katiba. Mwaka 1822 kikachapishwa kitabu cha kurasa zaidi ya 350 kilichoieleza nchi hiyo, hali ya hewa yake, udongo wake na mji mkuu wake St Joseph, kikiwa na jina la mwandishi ambaye hakuna aliyepata kumwona. Ofisi zikafunguliwa kuuza ardhi, kwanza kwa shilingi 2 na peni 3 kwa ekari, kisha bei ikapandishwa. Na noti zikachapwa na mchapaji yuleyule aliyeichapia Benki ya Scotland.

Hapo kwa mchapaji ndipo tutulie kidogo.

Mskoti wa mwaka 1822 alizijua noti kuliko karibu mtu mwingine yeyote duniani. Benki ya Scotland iliundwa 1695, na kufikia 1704 ilikuwa ikitoa noti za pauni moja, noti ndogo ya kununulia vitu vya kila siku. Baadaye benki nyingine zikaingia, kila moja na noti zake. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwamba fedha ni karatasi iliyotolewa na kampuni ya watu binafsi, yenye maneno ya ahadi: benki itamlipa mwenye kuishika. Hakuuliza kama karatasi inaweza kuwa fedha. Babu yake alikwisha kulimaliza swali hilo.

Zaidi ya hayo, kuanzia Februari 1797 hadi 1821 Benki ya Uingereza iliacha kulipa dhahabu kwa noti zake. Vita na Ufaransa vilikuwa vimeitisha akiba ya dhahabu, serikali ikaruhusu benki isilipe, na kwa miaka 24 nchi tajiri kuliko zote ikaendesha biashara, vita na kodi kwa karatasi zisizobadilishwa. Thamani yake ilishuka kwa kiasi, lakini fedha haikufa. Mtu mzima aliyepanda meli ile alikuwa ameishi sehemu kubwa ya maisha yake akishika noti za namna hiyo. Ungemwambia kwamba karatasi isiyo na dhahabu si fedha, angekushangaa.

Nalo jina la dola halikuwa geni. Dola iliyojulikana wakati huo ni sarafu ya Kihispania ya madini ya fedha, yenye uzito wa gramu 27 hivi, iliyopokelewa kuanzia Amerika hadi China. Marekani ilijengea dola yake juu ya sarafu hiyo mwaka 1792. Benki ya Uingereza yenyewe, ilipopungukiwa na sarafu 1797, ilizigonga muhuri dola za Kihispania na kuzitoa zitumike nchini. Noti ya Poyais iliahidi kwamba mwenye kuishika atalipwa “dola ngumu” moja, yaani ya chuma na si ya karatasi, katika ofisi ya benki huko St Joseph. Kila neno katika ahadi hiyo lilikuwa na mfano wake halisi ambao msomaji aliufahamu.

Wala nchi mpya hazikuwa ajabu. Mwaka huohuo wa 1822 Colombia ilikopa London pauni milioni 2, Chile milioni 1, Peru milioni 1.2, zote zikiwa nchi ambazo Uingereza ilikuwa bado haijazitambua. Zilikuwa zimezaliwa juzi, mipaka haijatulia, na mawaziri wake walikuwa wageni wenye majina yasiyozoeleka. Oktoba mwaka huo Poyais nayo ikaingia katika soko hilo na mkopo wa pauni 200,000, kwa hatifungani, yaani hati za kuikopesha serikali, za pauni 100 kila moja na riba ya asilimia 6, sawa na riba za wenzake. Aliyekaa ofisini London angetumia kipimo gani kujua kwamba Peru ipo na Poyais haipo? Safari ya kwenda kuhakikisha ilikuwa ya miezi. Alichoweza kupima ni karatasi, na karatasi zilifanana.

Basi kila kitu kinachoonekana kwa macho kilikuwapo kwenye noti ile. Tatizo lilikuwa upande wa pili wa safari yake.

Kiswahili hapa kinatupa msaada ambao sidhani kama lugha nyingi zinao. Tuna maneno mawili yanayoandikwa sawasawa. Dola ya kwanza ni fedha: jina lake limetokana na thaler, sarafu zilizofuliwa mwanzoni mwa karne ya 16 katika bonde la Joachimsthal huko Bohemia. Dola ya pili ni mamlaka, serikali na nguvu zake, na limetoka katika Kiarabu, dawla. Hayana undugu wowote. Yamekutana tu katika vinywa vyetu. Lakini yakikaa pamoja yanaonyesha wazi tatizo la Poyais. Ilikuwa dola isiyo na dola.

Dola hufanya nini hasa kwa ajili ya dola? Watu wengi hudhani kazi yake ni kuamuru: serikali inaandika kwenye noti kwamba hii ni fedha halali, na wananchi wanatii. Amri peke yake haifiki mbali. Zimekuwapo serikali zenye majeshi na magereza ambazo noti zake zilikimbiwa na watu wake wenyewe. Kazi kubwa zaidi ya serikali ni ya kimyakimya nayo ni kupokea. Kila mwaka inadai kodi, ushuru, ada za leseni na faini, na inakubali kulipwa kwa noti zake. Kwa hiyo noti, hata izunguke mikono mingapi, ina mahali pa mwisho ambapo haiwezi kukataliwa. Muuza nguo anaipokea kwa kuwa anajua muuza nafaka ataipokea, na muuza nafaka anaipokea kwa kuwa mmoja wa watu watakaoifuata ana deni la kodi. Si lazima yeyote kati yao alifikirie jambo hilo. Inatosha kwamba liko.

Noti za benki za Scotland zilikuwa na mahali pa mwisho pa namna nyingine. Hazikutolewa na serikali, lakini benki iliyozitoa ilikuwa na wadeni, na wadeni hao walihitaji noti zilezile kulipia mikopo yao. Tena benki ilikuwa na wenye mali waliojulikana majina na mashamba yao. Benki ya Ayr ilipoanguka mwaka 1772, wenye hisa wake hawakuwa na kinga ya dhima. Walidaiwa hadi mali zao binafsi, mashamba makubwa yakauzwa, na mwishowe waliokuwa wakiidai benki wakalipwa. Mskoti aliyeshika noti alikuwa akishika kipande cha ardhi ya mtu fulani ambaye angeweza kumfikisha mahakamani. Hilo ndilo lililoifanya karatasi ya Scotland iaminike, na halikuandikwa popote kwenye karatasi yenyewe. Lilikuwa katika sheria, katika madaftari na katika mashamba.

MacGregor alinakili karatasi. Hicho kisichoandikwa hakikuwa na namna ya kunakiliwa na mchapaji.

Msomaji makini anaweza kunizuia hapa: mbona zimewahi kuwapo fedha zilizoishi bila serikali? Ni kweli, na mifano miwili inanilazimisha kurekebisha niliyoyasema. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991 na benki kuu ikafungwa. Hakukuwa na mtoza kodi wa taifa, hakukuwa na gavana, lakini shilingi ya Somalia iliendelea kununua vitu sokoni mwaka baada ya mwaka. Iraq kadhalika. Baada ya vita vya 1991, vikwazo viliizuia Baghdad kuagiza noti nzuri kutoka nje, ikachapa za nyumbani zisizo na ubora, na mwaka 1993 ikafuta noti kubwa ya zamani ya dinari 25. Wakurdi wa kaskazini, waliokuwa nje ya mamlaka ya Baghdad, waliendelea kuitumia noti iliyofutwa. Haikuwa na serikali yoyote iliyokiri kuwa ni yake. Hata hivyo, dinari mpya ya Iraq ilipotolewa mwaka 2003, dinari moja ya zamani ya kaskazini ilibadilishwa kwa 150 za mpya, huku zile zilizochapwa Baghdad chini ya Saddam Hussein zikibadilishwa moja kwa moja.

Kilichozibeba fedha hizo mbili ni soko lililokuwa tayari limezizoea. Bei zilikwisha kutajwa kwa shilingi na kwa dinari. Watu walikuwa na akiba kwa fedha hizo, madeni kwa fedha hizo, na kumbukumbu ya thamani yake jana na juzi. Mtu alipokea shilingi asubuhi kwa sababu alijua wa jioni atakuwapo. Kwa upande wa Wakurdi kulikuwa na jambo jingine la kheri: hapakuwa na mtu aliyeweza kuongeza noti, maana mitambo ya kuzichapia haikuwa mikononi mwa yeyote kati yao wala Baghdad, kwa hiyo zilibaki adimu. Huko Somalia wenye nguvu na wafanyabiashara waliagiza noti bandia kutoka nje kwa shehena, na thamani ya noti ya shilingi 1,000 ikateremka hadi ikakaribia gharama ya kuichapa, yaani senti chache za Marekani. Ikifika hapo, kughushi hakulipi tena, na thamani inatulia penyewe. Sijui somo la uchumi linaloonyesha waziwazi zaidi kwamba uchache wa fedha ni sehemu ya fedha yenyewe.

Kwa hiyo nasahihisha: fedha inaweza kuishi bila dola, iwapo inao watu ambao tayari wananunua na kuuza kwayo, na iwapo kuna kitu kinachozuia isiongezwe ovyo. Inaweza pia kuanza bila soko, iwapo iko serikali ya kuidai kama kodi. Mataifa mengi yameanzisha fedha mpya kwa njia hiyo. Ikikosa vyote viwili haina pa kusimama. Poyais haikuwa na serikali, haikuwa na soko, na idadi ya noti ilitegemea hiari ya mtu mmoja aliyekaa London.

Sasa turudi kwa wasafiri. Meli ya kwanza, Honduras Packet, iliondoka London Septemba 1822 na watu 70 hivi, miongoni mwao mtu aliyeahidiwa umeneja wa Benki ya Poyais. Kennersley Castle ilifika Machi 1823. Walikuta msitu, magofu ya makazi ya Waingereza yaliyoachwa karne iliyotangulia, na wenzao wa meli ya kwanza wakiwa kwenye vibanda. Noti walizobeba hazikuwa na bei, na hili nataka lieleweke vizuri. Hazikushuka thamani. Fedha inayoshuka thamani lazima kwanza iwe na bei, kuwe na mtu anayesema mkate ulikuwa dola moja na leo ni mbili. Huko hapakuwa na wa kusema lolote. Dola ya Poyais ilikuwa na thamani mahali pamoja tu, mezani London na Edinburgh ilipobadilishwa kwa pauni, na hata hapo mwelekeo ulikuwa mmoja. Ungeweza kuinunua. Hukuweza kuirudisha. Kama msafiri mmoja angejaribu, kabla meli haijang'oa nanga, kulipia chakula cha safari kwa dola zake, au kurudi kwenye meza ileile siku ya pili akaomba pauni zake, huenda mambo yangejulikana mapema. Lakini ni nani anayebadilisha fedha ya ugenini siku mbili kabla ya kwenda huko?

Mvua zilianza, na homa ikafuata. Fundi viatu mmoja, aliyekuwa ameahidiwa kuwa mshona viatu wa binti mfalme wa Poyais, alijipiga risasi. Mei 1823 meli kutoka Honduras ya Uingereza, ambayo sasa ni Belize, iliwakuta na kuanza kuwahamisha. Mfalme George Frederic alitangaza kwamba hakumpa MacGregor utawala wowote, na akaifuta hati ya ardhi. Katika watu wapatao 250 wa meli zote mbili, wasiopungua 180 walikufa, na waliorudi Uingereza hawakufika 50.

Zile hatifungani, kwa upande wao, zilianza kuanguka Novemba 1822, kabla hata meli ya pili haijaondoka Leith, na sababu ya kuanguka kwake inashangaza. Si kwamba kulikuwa na mtu aliyegundua kuwa Poyais haipo. Serikali ya Colombia ilitangaza kwamba mjumbe wake London alikopa kupita mamlaka aliyopewa. Wawekezaji wakaingiwa na hofu juu ya mikopo yote ya Amerika ya Kusini, wakaacha kulipa awamu zilizobaki za hatifungani za Poyais, na bei zikaporomoka. Nchi ya kubuni iliangushwa na habari mbaya za nchi ya kweli, kwa sababu sokoni zilikuwa bidhaa za aina moja. Miaka michache baadaye karibu nchi zote za ukanda huo zilizokopa London zilishindwa kulipa. Mwenye hatifungani ya Peru na mwenye ya Poyais wote walikaa na makaratasi, ila Peru ilikuwa na bandari, forodha na watu, na siku moja ingeweza kukaa mezani kujadili deni lake.

MacGregor aliondoka kwenda Paris, akaanza upya kuiuza Poyais. Alishtakiwa Ufaransa na mwaka 1826 akaachiliwa. Alirudi Venezuela mwaka 1838, akarudishiwa cheo na kupewa pensheni ya jeshi, akafariki Caracas mwaka 1845 na kuzikwa kwa heshima za kijeshi.

Kuna jambo moja juu ya walionusurika ambalo limenikaa moyoni kuliko mengine yote. Wengi wao hawakumlaumu. Mmoja wao, baba aliyefiwa na watoto wawili kule msituni, aliandika kitabu baada ya kurudi akilaumu washauri na watangazaji wa MacGregor, akimwacha yeye mwenyewe. Wengine walitia saini tamko kwamba mawakala wake wangetimiza wajibu wao mambo yasingeharibika. Kwa muda mrefu nilisoma habari hii nikidhani ni aibu iliyowafanya wakatae kukiri. Siku hizi naiona tofauti. Walikuwa wamekabidhi pauni zao kwa mtu, si kwa benki, na imani waliyokuwa nayo kwake ilikuwa kabla ya noti na ilibaki baada ya noti. Katika biashara nzima ya Poyais, hiyo tu ndiyo iliyopita mkono hadi mkono ikapokelewa kwa thamani yake kamili.

Noti zenyewe bado zipo. Wakusanyaji huzinunua kwenye minada, kwa pauni na kwa dola za Marekani.